Difu Haina Mshale

Gari linalotoka stendi ya Moshi kwenda Marangu huanzia kwenye mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, likakata kona Himo, kisha likapanda migombani hadi lango la hifadhi, kwenye mita zaidi ya 1,800. Kwa safari hiyo fupi gari limejiinua kama kilometa nzima kwenda juu, mara nyingi likiwa na abiria wengi kuliko viti, na magunia ya unga na mabati juu ya paa. Injini ikizidiwa, mshale wa joto kwenye dashibodi hupanda, na dereva aliyeuzoea mlima huuona akapumzisha gari. Lakini nyuma, chini ya sakafu, katikati ya magurudumu mawili, kuna chombo kingine kinachopata moto kwa kazi ileile, na hakina mshale wowote. Mafundi wanakiita difu. Swali langu juu yake ni la imani: difu iliyoachwa bila oili ikikwama ghafla na kufunga magurudumu mteremkoni, watu wakaumia, tuna haki gani ya kusimama makaburini tukasema Mungu ndiye aliyepanga?

Swali hilo halijibiki mpaka tujue joto lenyewe linatoka wapi. Ndani ya hausi ya difu, pinioni ndogo iliyo mwisho wa propela huisukuma krauni kubwa, na nguvu ya injini ikageuzwa kuelekea magurudumu. Katikati yake kuna gia ndogo zinazoruhusu gurudumu la nje ya kona lizunguke zaidi kuliko la ndani, wazo ambalo mtengeneza saa wa Ufaransa, Onésiphore Pecqueur, alilipatia hataza mwaka 1827. Meno ya pinioni na krauni hayagusani tu na kuachana. Huteleza moja juu ya jingine huku yakisukumana kwa nguvu zote za gari, na msuguano huo ndio mzazi wa joto. Kinachoyatenganisha ni utando mwembamba wa oili nzito. Oili ikipata moto kupita kiasi huwa nyepesi, utando hukatika, chuma kikagusa chuma, joto likazidi, na oili ikazidi kuwa nyepesi. Njia za kufika huko ni nyingi. Sili iliyochakaa huvujisha oili matone kwa matone hadi ibaki kidogo. Oili iliyojazwa kupita kipimo nayo huleta joto, kwa sababu krauni huipiga kama mtu apigaye maziwa ndani ya kibuyu. Gari likivuka kijito likiwa la moto, hausi hupoa ghafla na kufyonza maji kupitia kipumulio au sili zilizochoka, na oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Tairi jipya likifungwa upande mmoja na lililoisha upande wa pili, gia zilizotengenezwa kwa ajili ya kona hulazimika kufanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka, kutoka Moshi hadi Dar es Salaam. Wala mteremko si mapumziko kama wengi wanavyodhani: gari linaloshuka kwa gia nzito linaikandamiza difu ileile kwa upande wa pili wa meno yake.

Wanaoendesha magari kwenye viwanja vya mbio wanalijua jambo hili kuliko sisi, kwa kuwa huko difu hupata moto ndani ya muda mfupi sana. Hufunga kipimajoto kwenye difu, wakaweka kifuniko chenye mapezi ya kutawanya joto, wengine pampu ndogo na kipoza oili. Hubadilisha oili mara kwa mara, na mzunguko wa mwisho huuendesha polepole ili upepo upoze kila kitu kabla ya kuzima gari. Hapa Afrika Mashariki tunayo historia ya Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh, aliyeishinda mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Tazama basi ajabu hii: mtu anayeitafuta hatari kwa kupenda kwake hulipima joto la difu, na Hiace inayopandisha wanafunzi Kibosho huenda imekaa miaka bila yeyote kuifungua nati ya kujazia oili. Tofauti yao haiko kwenye imani. Mmoja ameamua kujua.

Hapo ndipo tunapokutana na methali inayotajwa katika misiba yetu mingi: ajali haina kinga. Neno hili ajali tumelipata kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni muda uliowekwa, saa ya mtu kufika mwisho wake. Kwa maana hiyo methali inasema kweli tupu, na kila dini ya mlima huu inaikubali: hakuna aijuaye saa yake wala awezaye kuisogeza. Lakini neno limehama. Leo tunaliita ajali kila gari lililopinduka, na methali iliyohusu saa ya kufa sasa inatumika kuhusu sili iliyovuja tangu Pasaka. Tumeichukua heshima tunayopaswa kuipa siri ya Mungu, tukaivisha uzembe wetu. Difu haifi ghafla hivyo. Huanza kuvuma, na mvumo hubadilika dereva anapokanyaga na anapoachia mafuta. Huacha matone pale gari linapolala. Hutoa harufu ya oili iliyoungua, na hausi yake hutema joto ambalo mkono ukisogezwa karibu utalihisi. Jambo lililotoa taarifa mara nne haliwezi kuitwa la ghafla kwa sababu tu hatukusikiliza.

Mtu makini atanijibu kwamba kujua chanzo hakumalizi swali. Atakuwa sahihi, na jibu lake lina historia ndefu. Mwaka 1937 mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alichapisha kitabu juu ya Wazande, wanaoishi Sudan Kusini na kaskazini mwa Kongo. Alieleza jinsi ghala la nafaka linavyoanguka na kuwaumiza waliokaa chini yake kutafuta kivuli. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa ndio waliokula nguzo. Walichouliza ni kitu kingine: kwa nini lilianguka saa ile, juu ya watu wale? Swali hilo fundi hawezi kulijibu, na sidhani kama sayansi yoyote italijibu. Mjane anayeuliza kwa nini mume wake alipanda gari lile na si lililotangulia, anastahili faraja, na faraja hiyo ni kazi ya dini. Ninachokataa ni kuliacha swali la pili lilimeze la kwanza. Mwenye ghala aliyewaona mchwa na kunyamaza hawezi kujificha nyuma ya fumbo la wakati. Fumbo ni la wafiwa. Mchwa walikuwa wake.

Maandiko yenyewe hayampi maficho. Sheria ya Musa inamtofautisha mwenye ng'ombe aliyepiga mtu pembe kwa mara ya kwanza na yule aliyekwisha kuonywa kwamba mnyama wake ana tabia hiyo, akaacha kumfunga. Huyu wa pili anabeba damu. Sheria hiyohiyo inamtaka ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka. Hakuna anayeambiwa aombe watu wasianguke kisha basi. Waislamu wanaijua hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, akaelekezwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Na katika Injili, anayemshauri Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika watamdaka ni Shetani, na jibu analopewa ni kwamba Mungu hajaribiwi. Mimi naona kuteremka kutoka Mwika na gari lenye difu inayovuma na breki zinazonuka, huku rozari au tasbihi ikining'inia kwenye kioo, ni kusimama kwenye kinara kilekile.

Pingamizi zito kuliko yote halitoki kwa wanateolojia; linatoka kwa dereva. Yeye hana gari. Ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari kila jioni, na siku gari likilala gereji hesabu hailali. Kumhubiria huyu wajibu wa kubadilisha oili ni kumtwisha mzigo wa mwingine. Nakubali, na ndiyo maana nasema hatia hufuata mambo mawili yakikutana: kujua na kuweza. Dereva anajua, kwa sababu anausikia mvumo. Wajibu wake ni kusema, na kukataa kupanda mlima mvumo ukizidi. Mwenye gari ndiye anayeweza. Difu ya gari dogo la abiria hubeba lita chache tu za oili, na gari la kubeba mizigo mlimani likibadilishiwa hata kabla ya kilometa elfu arobaini, gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na krauni na pinioni mpya. Anayepokea hesabu kila jioni bila kuuliza gari linaendeleaje amechagua kutojua, na kutojua kwa kuchagua hakumtoi mtu hatiani. Ni kweli pia kwamba difu nyingi zikifa huishia kuwaacha abiria kando ya barabara wakisubiri gari jingine. Lakini aliyewapandisha hakuwa amechagua mwisho huo mwepesi. Aliacha uamuzi kwa chuma.

Wengine wataona ajabu kuuingiza utakatifu kwenye oili. Wachagga, wanaomwita Mungu Ruwa, hawapaswi kuona hivyo, maana mlima wao umeishi kwa mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia. Maji ya mfongo hutoka juu msituni, hupita kihamba kwa kihamba, shamba la nyumbani moja hadi jingine, na anayezibua sehemu ya juu hawezi kumwona anayemwagilia kahawa chini. Hata hivyo siku ya kazi ya mfongo ilikuwa ya wote, na asiyetokea alitozwa faini. Waliojenga mfumo huo walielewa kwamba jirani ninayemtendea mema au mabaya kwa kawaida simwoni, na kwamba wema wenyewe una sura ya jembe na matope. Abiria naye hawezi kulala chini ya gari stendi akapima oili. Amemwachia mwingine jambo ambalo macho yake hayafiki, na amana ya namna hiyo ndiyo inayoonyesha kama mtu anamcha Mungu au anawacha wanaomtazama.

Tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba wilayani Same, basi na basi dogo yaligongana yakawaka moto. Taarifa ya kwanza ya Ikulu ilitaja watu 38 waliokufa, na chanzo kilichotajwa ni tairi la basi kutoboka. Tairi linaweza kutoboka hata likiwa jipya, na sina la kumhukumu mtu. Nautaja msiba ule kwa sababu yapo mambo yanayotushinda kweli, na waliokufa katika hayo wanastahili tusiyachanganye na yale tuliyoyaacha wenyewe. Kila Desemba maelfu ya watu hupanda kutoka Dar es Salaam kuja Machame, Rombo, Uru na Kilema kula Krismasi na wazazi, magari yakiwa yamejaa, na kabla ya safari wengi huomba gari lao liombewe. Padri, mchungaji, shehe: mtu akikuletea gari ulibariki, muulize kwanza oili ya difu ilibadilishwa lini. Asipojua, mwambie apite kwa fundi, kisha arudi kesho.