Bendera Iliyochanika

Kuna bendera ya Taifa kwenye ofisi moja ya umma mtaani kwetu ambayo wiki hii imeninyima raha. Kijani chake kimepauka, ukingo umechanika umebaki nyuzi tupu, na usiku haishushwi. Jirani yangu, mzee aliyekwenda Vita vya Kagera akiwa mwanamgambo, aliingia pale kuuliza. Akajibiwa kwamba bajeti bado haijatoka.

“Mwanangu,” akasema, “hata sindano na uzi navyo vinasubiri bajeti?”

Najua yupo atakayesema mzee huyo anahitaji dawa na kiinua mgongo, bendera haimshibishi. Ni kweli kabisa. Wanamgambo wengi walirudi vijijini vita vilipokwisha, wakashika jembe, wakazeekea huko bila kuulizwa hali. Lakini sioni mambo hayo mawili yanagombania nini. Mtu asiyeinua macho kutazama kilicho juu ya mlango wa ofisi yake, mzee aliyekaa kwenye benchi la nje atamwona saa ngapi?

Mwingine atasema bendera ni mali ya serikali, na raia husimama inaposhushwa kwa kuogopa polisi tu. Huyo aje asimame nasi karibu na kituo cha polisi saa 12 jioni, filimbi ya kushusha bendera inapolia. Mama anayekaanga samaki huinuka kwenye kigoda chake, kisu bado kiko mkononi. Mzee huvua kofia na kuegemea fimbo. Hakuna askari anayewatazama.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuteka ardhi hadi Mto Kagera, walioporwa ng’ombe na kuuawa walikuwa wanavijiji. Daraja la Kyaka likavunjwa. Wananchi wa mikoa ya mbali, ambao Kagera hawajawahi kufika, walitoa mifugo, chakula, magari na vijana wao. Baadhi ya vijana hao wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Mzee hapendi kusimulia kuanguka kwa Kampala. Husimulia mwenzake wa kijiji kimoja, na bendera iliyofunika jeneza lake. Waganda hawachukii hata kidogo. Anasema nao wana bendera yao na wana waliowazika, na pale Mutukula watu wanaoana na kuuziana ndizi kama zamani.

Kwa hiyo sikubali kuambiwa ni kitambaa tu. Kitambaa kilichofunika jeneza la mwenzake yule mzee hakiachwi kikaoza juu ya mlingoti.

Ofisi ile ina mkuu, ina wahudumu, na kamba ya mlingoti ni nzima. Ishusheni leo jioni. Kama fedha ya kununua mpya kweli haipo, mwambieni mjumbe atupitishie daftari la mchango nyumba kwa nyumba. Mzee ameshasema jina lake liandikwe la kwanza, na langu litafuata.