Mgeni Asiye na Ufunguo

Kuna swali limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Mtu akikunyima ufunguo, nawe ukapata njia bila kuvunja mlango, je, umeiba?

Kwetu ni Mlingotini, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, kina mama wanapolima mwani maji yakitoka. Kompyuta ninayotumia si yangu. Ni ya ofisi moja mjini ninapofanya kibarua, na msimamizi wake anakaa Dar. Mimi nina jina langu la kuingilia, basi. Neno la siri la msimamizi analo yeye.

Nilitaka kujifunza kuendesha seva. Humo ndani nikaikuta programu iitwayo QEMU, nikatengeneza mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta. Mafundi huiita ile ya ndani mgeni, na ile inayoibeba mwenyeji. Mgeni wangu akawaka vizuri, ila hakuwa na mtandao. Maelezo niliyosoma yalisema nijenge daraja kati yake na mtandao wa ofisi, na daraja linadai ruhusa ya msimamizi. Nikampigia simu mara mbili. "Kesho, bwana mdogo." Kesho hiyo mnaijua.

Mshikaji mmoja kijiweni akanicheka. "Daraja la nini? Kuna njia ya mtu wa kawaida!"

Njia hiyo chimbuko lake ni Slirp, programu aliyoitoa Danny Gasparovski mwaka 1995. Zama hizo wengi waliopiga simu kuingia mtandaoni walipewa akaunti ya maandishi matupu. Slirp ikawapa intaneti kamili bila kumwomba msimamizi lolote. Baadaye ikaingizwa katika QEMU, ambayo Fabrice Bellard aliitoa mwaka 2003.

Inavyofanya kazi ndiyo kiini cha swali langu. Mgeni anapewa anwani 10.0.2.15. Anaonyeshwa lango, 10.0.2.2, na wa kumtafutia majina, 10.0.2.3. Anadhani yuko mtaani na majirani. Kumbe mtaa wenyewe haupo! Kila anachosema kinapokewa na QEMU, nayo inatoka nje kukisema upya kwa jina langu, kama programu yoyote niliyoifungua mwenyewe. Huko nje hakuna anayemwona mgeni. Wananiona mimi.

Na mipaka inabaki. Nilipojaribu ping kwenda nje, kimya. Nikadhani nimeharibu, kumbe kurasa zinafunguka kama kawaida. Ping ndiyo iliyohitaji ruhusa nisiyokuwa nayo. Wa nje naye hawezi kumbishia mgeni hodi mpaka nimfungulie mlango mwenyewe. Nilifungua mlango namba 2222 wa mwenyeji, uelekee mlango namba 22 wa mgeni. Milango iliyo chini ya 1024, kwa desturi ya mifumo hii, ni ya msimamizi. Sikuigusa.

Kwa hiyo sikuvunja kitu. Washkaji wakasema yameisha: kompyuta haikukataa, basi imeruhusu. Hapo ndipo nilipowapinga. Kuweza si kuruhusiwa. Mlango uliorudishwa bila komeo haujamkaribisha mtu. Hata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inapokataza kuingia katika mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria, haiulizi kama komeo lilikuwa bovu.

Jumamosi nikamsimulia bibi, kwa lugha ya nyumbani.

"Mgeni wako akitaka chumvi kwa jirani, nani anakwenda?"

"Mimi, bibi."

"Akivunja kikombe cha watu?"

"Nalipa mimi."

"Basi hujaiba, mjukuu wangu. Lakini hiyo nyumba ni yako?"

Nikanyamaza. Muda wote nimejitetea kwa habari ya ufunguo, na kumbe mimi mwenyewe ni mpangaji. Nimelaza mgeni katika nyumba ya mtu, na akifanya uharibifu, jina litakalosomwa kwanza ni langu, kisha la ofisi. Kubeba dhamana ni nusu ya uungwana. Nusu ya pili ni kutoificha.

Jumatatu nikampigia msimamizi mara ya tatu. Safari hii sikuomba ufunguo. Nikamwambia nina mgeni, anatokaje nje, na mlango gani nimemfungulia. Akakaa kimya kitambo. "Mgeni abaki," akasema, "ila ukimaliza kazi, 2222 uufunge."

Siamini kwamba kijana akae akingoja wakubwa mpaka aote mvi. Kujitafutia njia kwa uwezo ulio nao si dhambi. Ila njia ambayo huwezi kumsimulia mwenye nyumba, hiyo ina walakini, hata kama hukuvunja hata kitasa.

Wewe mwenzangu, mgeni wako umeshamtaja?