Sarafu ya Tabora na Waliochimba Sekenke

Ndugu zangu wa Mbulu na Hanang,

Mnaosafiri kwenda Kanda ya Ziwa mmeupita Mlima Sekenke, pale barabara ya Singida kwenda Nzega inaposhuka kuelekea mbuga ya Wembere. Upande ule wa Iramba ndiko ulikoanzia uchimbaji wa dhahabu wa Wajerumani, mwaka 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, manowari za Waingereza zikafunga bahari na fedha kutoka Ujerumani ikakatika. Basi mwaka 1916 dhahabu ya Sekenke ikapelekwa Tabora, na katika karakana ya reli zikapigwa sarafu za rupia 15: upande mmoja tai wa dola, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima. Zilitoka zaidi ya 16,000. Septemba ya mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji wa Tabora. Leo wakusanyaji wa sarafu huzinunua kwa maelfu ya dola.

Katika habari za sarafu hiyo utasoma uzito wake, tarehe zake na jina la mhandisi aliyesimamia kazi. Waliopasua mwamba na kuubeba mgongoni hawatajwi. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu wengi wa wanaume wa wakati ule hawakufuata dhahabu kwa kuipenda. Kodi ya kibanda ilidaiwa kwa rupia, na asiye na rupia alilazimika kwenda kuitafuta kwa mwenye shamba au mwenye mgodi.

Fungueni kitabu cha Ayubu, sura ya 28. Tumezoea kuisoma kama sifa za hekima, na kweli ndivyo ilivyo: dhahabu yote haitoshi kuinunua. Lakini kabla ya kufika huko, mwandishi anakaa kwanza na wachimbaji. Anawaona chini gizani, mahali ambapo mguu wa mpita njia haufiki, wakining'inia na kuyumba. Neno la Mungu halikumruka mchimbaji huyo. Sisi ndio tunaomruka.

Mgodi wa kikoloni ulikoma, ila mashimo hayakuondoka. Wachimbaji wadogo wameendelea Iramba, kama ilivyo kwenye machimbo mengi ya zamani nchini: hurudi katika maduara, yaani mashimo ya kale, ambayo mbao zake zimekwisha kuoza, na husafisha upya marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa, kwa zebaki. Wengine huchoma zebaki hiyo kwenye kikaango nyumbani, mvuke ukavutwa na mama mjamzito na watoto waliokaa karibu. Madhara yake huingia kwenye ubongo na figo polepole, bila kelele. Na hatari si ya Iramba tu: katika mkoa wetu huuhuu, Machi 2008, mvua iliingia kwenye mashimo ya tanzanaiti ya Mirerani ikaua makumi ya vijana. Vijana wetu pia wamekwenda huko, na bado wanakwenda.

Nimesikia mahubiri mengi yanayowakemea kwa tamaa. Mimi naona kukemea huko ni kwepesi mno. Mwaka ambao mahindi yamekauka na ng'ombe wamekufa, kijana aliyejifunga kamba kiunoni akashuka futi nyingi ardhini anatafuta ada ya mdogo wake. Anahitaji mchungaji anayejua yuko duara gani.

Kwa hiyo naomba. Wiki hii kila Jumuiya Ndogondogo iandike majina ya watoto wake walioko machimboni, popote walipo, na iwaombee kwa majina. Wazazi, wapigieni simu. Waulizeni kama shimo limewekewa magogo na kama wanachoma zebaki ndani ya nyumba. Wasiozoea kuulizwa watashangaa, ulizeni tu. Na mzee anayefahamu shimo la zamani lililoachwa wazi karibu na malisho au njia ya watoto wa shule, amwonyeshe mwenyekiti wa kitongoji kabla mvua hazijaanza, lizungushiwe uzio au lifukiwe.