Mtoto Asiyeweza Kula Uji wa Wenzake



Wazee wetu walitufundisha neno moja juu ya chakula, nasi tumewafundisha watoto wetu: unachopewa, pokea kwa mikono miwili, ule, ushukuru. Mtoto anayesukuma sahani mbele ya watu anaiaibisha nyumba ya mama yake. Fundisho hili ni jema, wala hatuna nia ya kulikataa. Lakini yuko mtoto ambaye, akilitii, anaweza kufa kabla kengele ya mchana haijalia. Huyo ndiye tunayetaka kumzungumzia.

Ni mtoto mwenye mzio mkali wa chakula, au aleji kama wengi wasemavyo. Chakula ambacho wenzake hukila na kunenepa, mwili wake hukipiga vita kama adui. Kwa mmoja ni karanga, kwa mwingine samaki, yai, maziwa au ufuta. Dakika chache baada ya kula, au hata saa moja au mbili, ngozi huwasha na kutoka mabaka, midomo na ulimi huvimba, sauti hukwaruza, pumzi hutoka kwa mluzi. Wengine hutapika, hulegea na kuzimia. Watoto wa namna hii si wengi. Tena si kila tumbo linalouma ni mzio, na miiko ya zamani, kama ule wa kuwanyima watoto mayai, haihusiani na ugonjwa huu. Mganga wa hospitali ndiye wa kuamua.

Kuna jambo ambalo tusipolisema hapa halitasemwa. Katika vijiji vyetu mtu akila kwa jirani, akavimba, akakata roho kabla ya jua kuzama, watu hawataji mzio. Wananong'ona jina. Mama aliyempa mtoto kipande cha kashata kwa upendo anaonekana ametia sumu au amemroga, na pengine hataishi tena kwa amani pale alipoolewa. Kwa hiyo ujinga wetu katika jambo hili haumdhuru mtoto peke yake.

Sasa tufike shuleni. Tangu elimumsingi ianze kutolewa bila ada mwaka 2016, chakula cha shule kimebaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa wazazi. Sisi tunachanga mahindi na maharage, na panapowezekana uji hutiwa karanga au soya, na huku kwetu hata dagaa waliotwangwa. Uji huo una maana kubwa. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Mkoa wetu wa Ruvuma watoto 35.6 katika kila mia walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na kwa nchi nzima ni kama 30. Huu ni mkoa wa mahindi! Ghala zimejaa na bado watoto wamedumaa, maana tumbo limejaa wanga tu.

Basi akija mtoto mmoja asiyeweza kugusa karanga, je, ni haki watoto mia tatu wakose karanga kwa ajili yake?

Wengine watajibu upesi kwamba Mtakatifu Paulo alikwisha kulimaliza jambo hili alipowaandikia Wakorintho juu ya nyama, kwamba yeye alikuwa tayari kuiacha siku zote asije akamkwaza ndugu yake. Tunaliheshimu jibu hilo. Lakini Paulo alikuwa akiitoa nyama ya sahani yake mwenyewe. Sisi tungekuwa tunatoa karanga za watoto wa watu, nao hawana cha kuweka mahali pake. Wala si hekima kuzikimbia karanga kwa watu wote. Mwaka 2015 waganga wa London walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari ya kupata mzio. Wale walioanza kulishwa karanga mapema walipata mzio wa karanga kwa uchache sana kuliko wale walionyimwa.

Wengine nao watasema: basi mtoto huyo abaki nyumbani, au akae na njaa mpaka saa ya kurudi. Jibu hili hatulikubali hata kidogo. Hakuomba mwili huo.

Sisi tunaona kwamba anayepaswa kujinyima hapa ni mtu mzima. Na anachotakiwa kujinyima ni wepesi wa kazi. Uji upikwe mtupu kwanza, mtoto huyo apakuliwe kwa upawa safi na bakuli safi, ndipo karanga zitiwe kwa wengine. Kama unga umekwisha kuchanganywa mashineni, hapo hakuna ujanja: apikiwe sufuria yake, kwa unga uliotoka kwao, maana hata mashine iliyosaga karanga asubuhi huacha vumbi lake. Mpishi anawe mikono. Kuni zitaongezeka, maji yataongezeka, na mpishi atanung'unika. Wazazi wengine wachukue zamu ya kumsaidia, si mama wa mtoto peke yake.

Lakini sufuria ya pili ina hatari yake. Kwetu, kumtengea mtu chombo chake ni kumtangaza. Tunakumbuka walivyotengwa wenye ukoma, kikombe chao kikiangikwa mbali na vingine. Mtoto akiwekwa nyuma ya jiko na bakuli lake, siku ya tatu atabadilishana na rafiki kwa siri ili afanane na wenzake. Afadhali bakuli liwe lake, na benchi liwe la wote. Wenzake waelezwe waziwazi, maana watoto wakijua sababu huwa walinzi wazuri kuliko walimu. Na wale mama wanaouza karanga na kashata langoni wajulishwe pia.

Mwaka 2016, binti wa Uingereza wa miaka 15 aliyeitwa Natasha Ednan-Laperouse alikufa baada ya kula mkate wenye ufuta ambao haukuandikwa kwenye karatasi ya mkate ule. Tangu Oktoba 2021 sheria huko inawadai wauzaji wa vyakula vya namna ile waandike kila kilichomo. Sufuria ya shule haina karatasi. Tunategemea mdomo wa mpishi. Akiulizwa, aseme kweli, hata kama karanga zilikuwa kiganja kimoja.

Maana wako wanaosema, "Huyo anadeka tu, mwonjesheni kidogo tuone." Au, "Mwaka jana alikula na hakufa." Hapo zamani Mfaransa Charles Richet na mwenzake Portier waliwapiga mbwa sindano ya sumu ya mnyama wa baharini. Mbwa waliopona walipopewa tena baada ya majuma machache, kipimo kidogo tu, walikufa upesi ajabu. Richet alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kule kupona mara ya kwanza si ushahidi wa usalama, na mwalimu anayemwonjesha mtoto ili amjaribu anacheza na roho ya mtu. Mtoto akisema, "Hiki siwezi," aaminiwe kwanza, aulizwe baadaye.

Na akipatwa, dawa yake ni sindano ya adrenalini, hupigwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, bila kungoja. Vidonge vya mwasho havifungui koo, wala maziwa, wala mkaa. Mtoto alazwe, miguu iinuliwe, kama pumzi inambana, akae, asitembezwe. Halafu apelekwe mbio, hata akionekana amepata nafuu, maana hali huweza kurudi.

Kutoka Ruanda hadi hospitali wakati wa masika kila mtu anajua barabara ilivyo. Kwa hiyo maswali haya yaulizwe kabla: Je, zahanati iliyo karibu na shule inayo adrenalini leo? Nani ana ufunguo wa kabati siku mganga akisafiri? Pikipiki ya nani itaitwa? Januari, kamati ya shule itakapokaa kupanga debe za mahindi, mmoja wetu asimame aulize kama yuko mtoto asiyeweza kula tunachokipika, na mama yake apewe nafasi ya kusema mpaka amalize.