Kushuka na Kuona

Wahubiri wengi wakifika kwenye machimbo ya Geita huhubiri Sodoma. Nimewasikia Nyarugusu, nimewasikia Rwamgasa, na sina ugomvi nao juu ya pombe na uzinzi. Ila hukimbilia motoni. Wanaruka Mwanzo 18:21, pale ambapo kilio cha mji kimeshamfikia Mungu, naye anasema atashuka kwanza akaone.

Ajuaye yote anashuka kuona nini? Swali hili nimekaa nalo tangu nikiwa muuguzi wa zahanati, na sasa nimestaafu, mzee wa kanisa, nalitazama kupitia zebaki, ile ambayo wachimbaji wetu wanakamatia dhahabu.

Dunia ina mkataba juu ya zebaki. Unaitwa Mkataba wa Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, ikaingia kwenye samaki, na mwaka 1956 ugonjwa wake ukatambuliwa rasmi. Tanzania ilitia saini 2013, ikauridhia 2020. Ibara ya 7 ni yetu sisi: uchimbaji mdogo wa dhahabu, ambao leo unarusha zebaki nyingi hewani kuliko shughuli nyingine yoyote ya binadamu. Kiambatisho C kinataka nchi zichukue hatua za kukomesha, pamoja na mengine, uchomaji wa wazi wa mchanganyiko wa zebaki na dhahabu, na uchomaji wake kwenye makazi ya watu.

Aliyeandika "makazi ya watu" aliandika kweli. Mama wa mwaloni, pale dhahabu inapooshwa, anaosha unga wa mawe uliotoka karashani, kwenye mashine ya kusagia, anamimina zebaki kwenye beseni, anakanda kwa mikono mitupu, anakamua kwa kitambaa, kisha anaweka kidonge kinachobaki, cha zebaki na dhahabu, juu ya mkaa. Wako wanaochomea jikoni, mtoto akiwa mgongoni. Kwa nini jikoni? Kwa sababu nje kuna macho. Mjane mwenye dhahabu kidogo haichomi hadharani, watu wakamhesabia. Anajua kuwa moshi ule ni mbaya, na anajua pia kuwa mwizi yupo. Ukimwambia atoke nje bila kumpa pa kuchomea penye ulinzi, umemwambia achague hatari ipi imkute.

Mikutano mikuu ya mkataba huu imekaa wapi? Wa kwanza Geneva, 2017. Wa pili na wa tatu, Geneva. Wa nne ulimalizikia Bali, 2022. Wa tano Geneva, 2023, na wa sita huko huko, 2025. Wakati mkataba ukiandaliwa, kikao kimoja cha majadiliano kilifika karibu nasi, Nairobi, 2011.

Sababu zipo, na naziheshimu. Sekretarieti iko Geneva, nchi nyingi zina wawakilishi wao pale, wakalimani wapo, kumbi zipo. Watu mamia kwa mamia hawawezi kulala Katoro, huku kwetu Geita. Lakini Oktoba 2013, mkataba ulipokuwa unatiwa saini Kumamoto, wajumbe walikwenda Minamata kwenyewe kuwakumbuka waathirika. Walijua basi kwamba mahali pana uzito. Waliwaendea walioumizwa zamani. Nawaomba wawaendee wanaoumia sasa.

Huku kwetu Usukumani, wawili wakigombania mpaka wa shamba, wazee hawamalizi shauri wakiwa wamekaa kivulini. Wanakwenda shambani, wanautembea mpaka, na kila jirani anasema lake akiwa amesimama juu ya ardhi yenyewe.

Rudini kwenye sura ile ya 18. Inaanza na Ibrahimu ameketi mlangoni pa hema, jua kali, anaona wageni. Anawaletea maji ya miguu, mikate, ndama. Mungu anakuja kama mgeni, anakula alichoandaliwa. Kisha, Mungu akiwa njiani kushuka, Ibrahimu anamsimamisha na kumhoji: je, wakiwemo wenye haki 50? Wakiwa 45? Mpaka wanafika 10. Naamini hilo ndilo jibu la swali langu. Hakushuka kwa kukosa habari. Alishuka hadi mahali anapoweza kuulizwa.

Mchenjuaji wa dhahabu akifika Geneva, yeye ndiye mgeni: ameombewa viza, amepewa dakika zake, anashukuru. Mtaalamu akija Rwamgasa, anaketi anapoketishwa, na wenyeji ndio wanaouliza.

Sitaki ziara ya asubuhi moja. Nimeziona ziara hizo: njia imefagiwa, kwaya imepangwa, zebaki imefichwa, na akina mama wa mwaloni wameambiwa wasionekane. Nataka kikao cha kazi cha kundi dogo la wataalamu, siku kadhaa, na karatasi zao mezani. Na njia ipo: daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa 2025. Anayetoka Mwanza hasubiri tena kivuko. Na semina zetu wenyewe za wachimbaji, zinazofanyika kwenye hoteli za mjini Mwanza na Shinyanga, zihamie huku pia, maana tumeiga tabia ile ile.

Niliposimulia mambo haya mwaloni, mama mmoja aliendelea kukanda, kisha akaniuliza: "Mayu, wakija, naweza kuwauliza bei? Mashine ya kukamata dhahabu bila zebaki ni shilingi ngapi, na nani atanikopesha mimi nisiye na hati ya nyumba?" Nilimwambia aanze na hilo la mkopo.