Sindano ya Mgongo Inamnunulia Nani Muda?

Gorofa za kupangisha za Ruiru na Thika zimejengwa kwa mawe, mengi yao kutoka machimbo ya Ndarugo, kule Juja. Kila jiwe lilipakiwa kwenye lori na mtu anayelipwa kwa siku, na mgongo wake ndio kitambulisho chake cha kazi.

Mgongo ukigoma, wakati mwingine ni diski kati ya pingili imetokeza na kubana neva, na maumivu yanateremka kwenye tako mpaka unyayoni. Hapo ndipo sindano ya steroidi inapotajwa. Dawa huwekwa karibu na neva, uvimbe ukapungua. Nafuu ikija, ni ya wiki kadhaa au miezi michache, tena ya mguu zaidi kuliko ya mgongo wenyewe. Diski yenyewe hairekebishwi.

Wapo wanaosema huku ni kujidanganya: maumivu ni mlinzi, mbona umnyamazishe? Sikubaliani nao. Neva iliyokasirika ni kama mbwa anayebweka hadi alfajiri ilhali mwizi alishaenda zake. Kumtuliza si dhambi. Na "pumzika" ni ushauri mtamu kwa mwenye likizo ya kulipwa. Kibarua atakwambia, "Nidunge tu, daktari, nirudi kwa mawe. Mwenye ploti hangoji." Huyo hajadanganywa. Amepiga hesabu.

Ninayemlaumu ni anayedunga na kunyamaza. Miezi miwili bila maumivu inaweza kuwa ya mgonjwa: afanye mazoezi, atafute kazi nyepesi. Au inaweza kuwa ya mwenye machimbo, aliyerudishiwa mgongo uleule bila kutoa shilingi. Sheria ya fidia kwa walioumia kazini, WIBA ya 2007, ipo, lakini mgongo uliochakaa polepole hauna siku ya ajali ya kuandikwa kwenye fomu, na kibarua wa mdomo hana hata barua ya kazi. Basi asipoambiwa kwamba nafuu hii ina mwisho, kwamba kama ana kisukari sukari inaweza kupanda, kwamba mguu ukilegea au mkojo ukimshinda akimbie hospitali siku hiyohiyo, amechagua nini hasa?

Akirudi kuomba sindano ya pili, naona daktari aanze kwa kumuuliza kama bado anapakia lori.