Uso wa Pistoni: Juu ya Uadilifu wa Kazi Isiyoonekana

Miongoni mwa maswali ya kale ya falsafa ya maadili ni lile linalouliza iwapo mtu anawajibika kuifanya vema kazi ambayo hakuna atakayeiona. Kwa kawaida swali hilo hujadiliwa kwa mifano ya wizi, uongo na usaliti, lakini ipo kazi moja ya mikono, inayofanywa siku hizi katika gereji za nyumbani huko Marekani, Uingereza na Australia, inayoliweka wazi kuliko mifano hiyo, nayo ni kazi ya kupaka kauri sehemu za ndani za injini ya gari. Fundi wa nyumbani huifungua injini, huupaka uso wa juu wa pistoni utando mwembamba, huirudisha pistoni mahali pake na kufunga hedi, yaani kifuniko cha silinda, na tangu saa hiyo kazi yake haionwi tena na yeyote mpaka siku injini itakapofunguliwa, ambayo huenda ikawa baada ya miaka mingi na mbele ya mtu mwingine kabisa.

Mpako wa kauri, kwa maana inayotumika hapa, ni utando wa madini yasiyo metali, kama vile zirkonia au oksidi ya alumini, ambao hauyeyuki kwa moto wa injini na ambao hupitisha joto kwa uchache ukilinganishwa na metali iliyo chini yake. Pistoni nyingi huundwa kwa aloi ya alumini, na alumini halisi huyeyuka katika nyuzi 660 za Selsiasi, ilhali gesi zinazowaka juu yake huweza kupita nyuzi 2,000 kwa muda mfupi wa kila mwako. Pistoni husalimika kwa sababu joto huondolewa haraka kupitia ringi na mafuta hadi kwenye kuta za silinda zinazopozwa kwa maji. Mpako hukusudiwa kuzuia sehemu ya joto hilo lisiingie katika pistoni, na ufundi wenyewe si mgeni, kwani katika miaka ya 1960 kauri ya namna hiyo ilikwisha kukinga mdomo wa injini ya roketi ya ndege ya majaribio X-15. Viwandani kauri huyeyushwa na kurushwa juu ya metali kwa mitambo yenye joto kali. Nyumbani hutumika kimiminika chenye chembe ndogo za kauri zilizochanganywa na gundi inayostahimili moto, kinachopulizwa kwa bomba dogo la rangi na kuokwa katika tanuri la umeme, mpaka ubaki utando wenye unene wa mikroni 25 hadi 50 hivi, mikroni ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Kupuliza huchukua dakika chache, na mtu mwenye mkono mtulivu hukuzoea upesi. Kinachoamua hatima ya mpako ni maandalizi, na hapo ndipo penye mzigo wa kimaadili. Pistoni iliyokwisha kutumika huwa na mafuta yaliyojipenyeza katika vinyweleo vya uso wake, hivyo haitoshi kuiosha kwa asetoni. Sharti ipashwe moto tanurini mpaka mafuta yatokeze juu kama jasho, ioshwe tena, na irudishwe motoni hadi isiache alama yoyote. Kisha uso hupigwa punje za oksidi ya alumini kwa hewa ya kompresa ili ukwaruzike na kuushika utando, huku mifereji ya ringi na tundu la pini vikiwa vimezibwa, kwa kuwa punje moja ngumu ikisalia mferejini itakwenda kuikwangua silinda. Tangu hapo pistoni haiguswi kwa mkono mtupu, maana alama ya kidole ina mafuta ya kutosha kuubandua utando mahali pale pale. Anayeruka hatua moja kati ya hizi hupata pistoni yenye sura ile ile na ya yule aliyezifuata zote, yenye rangi ile ile na ulaini ule ule. Tofauti imejificha chini ya utando, na utando wenyewe utafichwa chini ya hedi.

Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, anamfanya Glaucon asimulie habari za Gyges, mchungaji wa Lydia aliyeokota pete iliyomwezesha kutoonekana kila alipoigeuza kidoleni, naye akaitumia kumwendea malkia, kumuua mfalme na kutwaa ufalme. Glaucon anataka Socrates aonyeshe ni kwa nini mwenye pete ya namna hiyo aendelee kuwa mwadilifu. Hedi ya injini humpa fundi wa gereji uwezo unaokaribiana na wa pete ile, isipokuwa kwamba Gyges alificha mwili wake ili atende, ilhali fundi huficha tendo lake na kubaki akionekana, akiaminiwa na pengine akisifiwa.

Jibu la kwanza la watu wa karakana ni kwamba metali haidanganyiki, kwa sababu kazi mbovu itafichuliwa na moto. Jibu hili lina ukweli ndani yake, na mtu akilisikia kwa fundi mzee hana budi kuliheshimu, lakini halitoshi. Utando ulioandaliwa vibaya mara hubanduka mapema, mara hubanduka baada ya safari ndefu, na mara haubanduki kamwe kwa kuwa gari lile haliendeshwi kwa nguvu ya kutosha kuujaribu. Moto, basi, ni hakimu anayewaachilia baadhi ya wazembe na kuwaadhibu wasiohusika, kwani kipande cha kauri kikibanduka na kuikwaruza silinda, anayelipa ni mwenye gari wa siku hiyo, awe ndiye aliyepaka au siye. Tena, anayetenda vema kwa kuogopa tu injini isiharibike atakuwa na sababu ya kutenda vibaya kila anapojua kwamba haitaharibika mikononi mwake.

Dini zimelijibu swali hili kwa kuukanusha msingi wake, yaani kwa kusema kwamba hakuna kazi isiyoonekana. Katika Uislamu hoja hiyo hubebwa na dhana ya ihsani, ambayo katika hadithi mashuhuri ya Jibrili, iliyopokewa na Umar bin al-Khattab na kuhifadhiwa na Imamu Muslim, imeelezwa kuwa ni mja kumwabudu Mungu kana kwamba anamwona, akijua kwamba hata asipomwona yeye huonwa. Katika Ukristo, Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6 inamwagiza mtunza mali wa monasteri avitazame vyombo vyote vya nyumba kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Na si ajabu kwamba wamonaki Wabenedikto waliokaa Peramiho na Ndanda, kusini mwa Tanzania, walijenga karakana na shule za ufundi kandokando ya makanisa yao. Hata hivyo, mafundisho haya hupotoshwa pale Mungu anapofanywa mkaguzi tu, kwani hapo hofu ya moto wa injini imebadilishwa kwa hofu nyingine kubwa zaidi, na fundi bado anatenda vema kwa ajili ya nafsi yake. Wafafanuzi wa hadithi ile walitofautisha daraja mbili: ya juu ni mushahada, yaani hali ya moyo kuishi kama unaomwona Mola, na ya chini yake ni murakaba, yaani kukumbuka kwamba unaonwa. Fundi wa daraja ya juu huisafisha pistoni mara ya tatu kwa sababu kazi imekuwa namna ya kuwa mbele ya Yule ampendaye, na swali la nani atajua halimjii tena.

Asiyekuwa na dini naye hakuachwa bila hoja. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu msingi wa maadili, alitoa mfano wa mwenye duka asiyempunja mnunuzi mgeni, akaonyesha kwamba tendo hilo likifanywa kwa ajili ya kulinda biashara tu, linalingana na wajibu bila kutoka katika wajibu. Ugumu huzidi pale fundi anapopaka pistoni yake mwenyewe, kwa gari lake mwenyewe, kwa kuwa hapo haonekani mtu wa kupunjwa. Lakini yupo, naye ni fundi huyo huyo, anayeweza kujidanganya kuhusu alichokipata. Kati ya miaka ya 1970 na 1980 kampuni ya Cummins ya Marekani, kwa kushirikiana na jeshi la nchi hiyo, ilijaribu injini za dizeli zisizopozwa kwa maji, ambazo vyumba vyake vya mwako vilikingwa kwa kauri, kwa matumaini kwamba joto lililozuiwa lingegeuka kuwa nguvu. Sehemu kubwa ya joto hilo iliishia kutoka na moshi kwenye ekzosi, na kuta zenye moto zilipunguza hewa iingiayo katika silinda. Ikiwa maabara zenye vipimo zililazimika kupunguza matumaini, basi mtu wa gereji anayetangaza kwamba gari lake limeongezeka nguvu baada ya kupakwa utando wa mikroni 50, bila kulipima kabla na baada, anasema asilolijua, hasa kwa kuwa injini iliyofunguliwa na kufungwa upya aghalabu huwa imebadilishiwa pia ringi, gasketi na mafuta.

Tena kazi hii hufanyika nyumbani, na nyumba ina watu. Tanuri lililookea mipako halipaswi kupikiwa chakula tena, na mvuke wa viyeyusho haujui mpaka kati ya gereji na chumba cha kulala. Anayeioka pistoni katika oveni ya jikoni kwa siri, kisha akaifuta oveni na kunyamaza, ameivaa pete ya Gyges mbele ya mkewe na watoto wake.

Injini nazo hubadilisha wenyewe. Wanunuzi wa magari yaliyotumika jijini Dar es Salaam au Mombasa wanalijua jambo hili vizuri, na sheria ya Kenya inayokataza kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8 inaweza kuhesabu miaka lakini haiwezi kuona ndani ya silinda. Wajibu wa aliyeona ni kumwachia ushahidi asiyeona. Kwa hiyo apakaye kauri ndani ya injini na aandike, katika karatasi itakayokaa na nyaraka za gari, ni sehemu zipi zilizopakwa, lini, kwa bidhaa gani na zimeokwa kwa joto kiasi gani, aambatanishe na picha za pistoni kabla ya hedi kufungwa. Na kama kuna hatua ya maandalizi iliyorukwa, iandikwe kwamba ilirukwa.